Wimbo wa Kutolea Maiti Uliopigiwa Makofi

Mwalimu wa madrasa aliyeongoza kikundi cha matari katika kijiji kimoja upande wa Afungi amefariki wiki hii, na amezikwa mahali asipopataka. Habari nililetewa na mkwewe, anayeendesha pikipiki ya abiria hapa Palma, kaskazini mwa Msumbiji. "Mzee katutoka," aliniambia, "na getini wametukatalia." Naandika nikiwa na hasira, wasomaji wangu mnivumilie.

Mnaonisoma mnajua kwamba nyimbo za dini hazikuwa chakula changu. Nililelewa bara, misheni, nikaimbishwa mpaka nikachoka. Nilipohamia pwani, kasida na maulidi nikazitia kapu hilohilo. Niliziona ni sauti za kumtuliza maskini: avumilie, ashukuru, asiulize. Na kila hafla ya serikali ilinipa sababu ya kuamini hivyo, maana matari yakilia, wakubwa huketi kivulini na wananchi husimama juani.

Gesi ilipogunduliwa, hafla za namna hiyo zikazidi. Siku moja wageni wa kampuni ya gesi walikuja kuwaeleza watu wa kijiji cha Mwalimu kwamba watahamishwa. Yeye aliomba azungumze kidogo kuhusu makaburi, kwa kuwa mkewe amelazwa pale. Msimamizi wa shughuli akamjibu kuwa ratiba imejaa, yeye na wenzake waimbe tu. Wakasimama na kanzu zao, matari wakayaweka chini, wakaanza polepole kwa Kiarabu. Wageni walifurahi sana. Mmoja aliinuka akacheza huku mwenzake akimpiga picha, na wengine wakapiga makofi mahali pa matari. Nyuma yangu wanawake walikuwa wamejifunika leso usoni.

"Mama, kulikoni?" nilimwuliza mmoja.

"Hii ya kutolea maiti nyumbani."

"Kwani nani kafa?"

Alinitazama kama mtu aliyechoshwa na mjinga. "Si wamesema tuhame? Wewe ulikuwa husikii?"

Baadaye nilimfuata Mwalimu nikamwuliza kama hakuogopa. "Niogope nini, mwanangu? Kusema wamenikataza. Kuimba wameniomba wenyewe." Hakucheka. Akaniambia ombi lake ni moja, siku yake ikifika alazwe ubavuni mwa mkewe. Tangu hapo nilikuwa nikienda kwenye maulidi yao, nikikaa pembeni, bila imani lakini kwa masikio yote. Kikundi chake hakikuitwa tena kwenye hafla.

Wiki hii walimbeba kutoka kijiji kipya walikohamishiwa hadi kwenye uzio wa mradi wa gesi, kwa sababu makaburi yamebaki ndani. Mlinzi wa getini ni mtoto wa hapahapa, na Mwalimu ndiye aliyemfundisha kusoma Kurani. "Sina otorizasão, wazee wangu," alisema, macho chini. "Nikifungua, kazi sina." Wakasubiri mkubwa wa kutoa ruhusa. Hakuja mtu. Jua lilipokuwa kali wakageuza jeneza, wakamzika kwenye shamba jipya, peke yake. Kijana yule simlaumu. Kazi tulizoahidiwa ndizo hizo, kulinda ardhi ya baba zetu tusiiingie wenyewe.

Nimejifunza nikiwa nimechelewa, na najua ninyi pia mtaalikwa kwenye hafla nyingine. Mkisikia watu wanamwimbia Mungu mbele ya wakubwa, msikimbilie kuwadharau wala kuwapigia makofi. Kwanza ulizeni ni jambo gani walilonyimwa nafasi ya kulisema.