Mbao Tano za Mvule

Papa, baba yangu, alikuwa na mbao tano za mvule juu ya boriti za nyumba yetu, na hazikuwa za kuuza wala za kujengea. Zilikuwa za sanduku lake la kuzikwa. Alikuwa seremala wa meli bandarini Kalemie mpaka alipostaafu, na mafundi wa rika lake karibu wote walijiwekea mbao hivyo, kila mtu amezichagua mwenyewe na kuzipiga randa mwenyewe. Za Papa zilitoka Zongwe kwa mtumbwi. Kila Jumapili baada ya misa alizishusha, akazipangusa kwa kitambaa chenye mawese, akazirudisha juu. Sisi tulizizoea, tukawa tunakula chini yake bila kuziangalia.

Alikuwa na sababu yake. Kaka yake alifia Manono, na kwa kukosa mbao walimzika ndani ya milango ya kabati. Papa alifika wakati sanduku linashushwa, akaona kitasa bado kiko ubavuni. Jambo hilo lilimkera mpaka mwisho. "Muntu hazikwi na kitasa," alikuwa akisema, hata tukiwa mezani, hata mbele ya wageni.

Mimi nilikuwa mwalimu wa Kiingereza. Ilikuwa miaka ya Zaire, wakati mwalimu alilima alfajiri, akafundisha hadi mchana, kisha akashuka ufukweni kusaidia kuanika dagaa. Nilichoka. Nilichoka mpaka nikawa nasinzia nimesimama, chaki mkononi, na wanafunzi wananingoja kwa adabu. Vitabu hawakuwa navyo. Shule nzima ilikuwa na kamusi moja ya Kiingereza iliyoachwa na mapadri, na prefe, mkuu wetu wa shule, aliifungia katika biro, ofisi yake. Nilikuwa nanakili kamusi kwenye karatasi, naiandika karatasi ubaoni, na wanafunzi wananakili ubao kwenye madaftari. Ubao ndio uliokuwa kitabu chao, hawakuwa na kingine.

Ubao wenyewe ulikuwa saruji tu iliyopakwa rangi nyeusi. Mvua moja ya mwezi wa tatu ikaubandua, ukaanguka wote pamoja na lipu. Mwezi mzima niliandika kwa mkaa juu ya mlango. Kisha prefe akaniita akaniambia kwamba mkaguzi anakuja, na darasa lisilo na ubao atalifunga.

Jioni hiyo nilimwambia Papa naomba mbao.

"Mbao gani?"

"Zile za juu, Papa."

"Zile njo sanduku yangu. Mutanizika mu nini? Mu mukeka?"

"Nitakurudishia, Papa. Mwaka hautaisha kabla sijapata zingine."

Akaendelea kula. Baadaye akaniuliza mkaguzi nitamwandikia nini. Nikamwonyesha karatasi zangu, ukurasa mmoja na nusu wa kamusi, wote juu ya neno moja: board. Nikamweleza huku kope zinanilemea. Nikamwambia kwamba zamani sana neno hilo lilikuwa ubao tu, mti uliopasuliwa. Watu wakaweka ubao juu ya magogo wakalia hapo, neno likawa meza. Kutoka meza likawa chakula chenyewe, na ndiyo sababu shule ambayo mtoto analala na kulishwa Waingereza wanaiita kwa neno hilohilo. Wakubwa wanaokaa kuizunguka meza kuamua mambo ya wengine, nao wakaitwa hivyo. Tena kulikuwa na neno jingine la kale linalofanana nalo, la ukingo na ubavu wa meli, ambalo lilipita kwa Wafaransa likarudi, na yote mawili yakachanganyika hata mwenye kamusi aliandika mara tatu kwamba pengine ni hivi, pengine sivyo.

"Hiyo ya meli ninaijua," Papa akasema. "Kapiteni alitupigia nayo kelele kila asubuhi tupande meli, à bord, à bord." Akafikiri kidogo. "Neno moja, kazi sita. Sawa na mwalimu wa Zaire."

Alicheka peke yake. Mimi nilikuwa nasikia usingizi tu.

Siku ya pili alipanda mwenyewe hadi shuleni na msumeno wake, nyuma yake watu wawili wamebeba mbao kichwani. Mahali pa ubao palikuwa katikati ya dirisha na mlango, ukuta mwembamba. Akanipa ncha ya utepe wa kupimia nishike upande wa dirisha, yeye akavuta mpaka mlangoni.

"Soma," akasema.

"Metre moja na nusu."

"Soma tena."

Nikasoma tena, metre moja na nusu. Alisimama kitambo akiziangalia mbao zilivyoegemezwa kwenye madawati. Nikadhani anatuliza pumzi, maana mlima wa shule yetu ulikuwa mkali. Kisha akaweka ubao wa kwanza juu ya dawati, akaukata. Akazikata zote tano. Vipande vilivyobaki akavifanya kidaraja cha kuwekea chaki. Tukazipaka weusi wa betri kuukuu za redio, uliotwangwa na mkaa na majani ya matembele, na zilipokauka zilikuwa laini kuliko ubao wowote niliowahi kuandikia.

Mkaguzi alichelewa wiki mbili. Akaniita "sitwayen mwalimu", yaani mwananchi, kama serikali ilivyotaka tuitane, akakaa nyuma, akasikiliza mpaka maana ya tatu ya lile neno, kisha akaomba jurnali, daftari la masomo ya darasa. Aliandika humo kwamba mwandiko wangu unasomeka. Akaondoka. Darasa likabaki.

Mbao za kumrudishia Papa sikuzitafuta. Nilisema likizo hii, halafu likizo ijayo. Yeye hakuniuliza hata mara moja. Jumapili baada ya misa alikaa mahali pake palepale, akachukua kitambaa chake cha mawese, akapangusa meza. Nilimwona. Nikaona aibu, na nikaenda kulala.

Alifariki kiangazi kilichofuata, asubuhi, baada ya homa ya siku nne. Nilipanda shuleni nikamwambia prefe, naye akajibu, "Chukua, ni za papa yako." Darasani nilikuta wanafunzi wananakili somo la historia. Sikuweza kuwakatiza. Nilisimama mlangoni mpaka wa mwisho alipomaliza mstari wa mwisho, ndipo nikang'oa misumari. Wakazibeba wenyewe mpaka nyumbani, nguo zikachafuka chaki.

Uani alikuwepo fundi mwenzake wa bandarini, mzee waliyefanya naye kazi tangu ujana. Alikuwa ameshampima Papa kwa kamba kama wafanyavyo. Akailaza kamba juu ya ubao wa kwanza. Kamba ikapita. Akajaribu wa pili, na wa tatu. Papa alikuwa mtu mrefu, na kamba ilizidi kwa shibiri mbili.

"Tutaunga," nikasema.

Mzee akakunja kamba yake polepole. "Papa yako alijua," akasema. "Fundi hakati mbao bila kujua zinabakia za nini."

Alizikwa ndani ya mlango wa nyumba, mlango wa jikoni, na ile meza. Kitasa nilikifungua mimi mwenyewe, skrubu moja moja, na mtu aliponiambia tunachelewa nilimfokea.

Jumatatu nilizirudisha mbao darasani. Nikapigilia misumari kwenye matundu yaleyale, nikaandika tarehe, na wanafunzi wakaanza kunakili. Papa hakuwahi kukosea kipimo maishani mwake, na namba ile nilimsomea mimi, mara mbili, huku nikimwaza mkaguzi.