Stelingi Mbili na Bega la Tata

Shule ya usiku nilisomea mambo ya magari, nikafuzu, na tangu siku hiyo hakuna gari Meru nzima lililopita mbele yangu bila kuelezwa hali yake. Basi tata yangu, dada yake baba, alipotaka kununua pikapu, unadhani nililala? Nilifika stendi kabla ya jua kuamka!

Tata husafirisha kabeji na viazi kutoka Timau hadi Embu, na huendesha mwenyewe. Lakini alikuwa ameanguka kutoka juu ya mzigo, bega la kulia likaharibika, na pikapu yake ya zamani, isiyo na pawa ya kulainisha usukani, ikamshinda. Alikuwa amesema waziwazi: asipopata usukani atakaouweza, ataacha kazi akae nyumbani aangaliane na kuku. Tata! Kuku wenyewe wangehama.

Broka wa magari alileta pikapu mbili, nyeupe na ya samawati. Huku kwetu gari hupimwa likiwa limesimama: unawasha injini, unazungusha stelingi kwa kidole kimoja, na watu wa bodaboda wanakuwa majaji. Tata akazungusha ya nyeupe.

"Siagi!" wakapiga kelele. "Mama, chukua hiyo!"

Akajaribu ya samawati. Siagi vilevile.

"Sasa tofauti iko wapi, fundi wa usiku?" akaniuliza.

Nilikuwa nimengoja swali hilo maisha yangu yote. "Nyeupe ina pawa ya kawaida, tata. Inakusaidia vilevile, uende polepole ama upae. Hii nyingine inasoma mwendo. Ukiegesha inakubebea kila kitu, ukikimbia inapunguza msaada, stelingi inakuwa nzito kidogo."

"Nzito? Na bega hili? Wewe ulisoma taa zikiwa zimezimwa?"

Bodaboda wote wakaanguka kwa kicheko. Tata akaingia kwenye nyeupe, mimi kando yake, broka akatufuata na ya samawati. Tukapanda barabara ya Timau.

Kwenye kona za chini nyeupe ilikuwa tamu. Lakini tulipotokea kwenye mashamba ya ngano, barabara ikanyooka, tata akakanyaga mafuta, na upepo wa mlimani, ule unaoweza kumnyoa mtu ndevu, ukatupiga ubavuni. Stelingi ilikuwa bado laini kama uji. Akiigusa kidogo, gari linahama, akilirudisha, linapitiliza. Akaikumbatia kwa mikono miwili kama mtu anayeshika mbuzi wa kuchinjwa. Nikaona bega limepanda hadi sikioni.

"Linauma?" nikauliza.

"Nyamaza, naendesha!"

Akaegesha kando ya ngano, akalisugua bega. Ile furaha ya stendi ilikuwa imemtoka usoni. Nikamwomba broka tubadilishane magari. Tata akaingia kwenye ya samawati shingo upande.

Tukaondoka. Mwendo ulipopanda, nikaona vidole vyake vimeshtuka.

"Inakauka! Gari hili ni gonjwa, linakufa mikononi mwangu!"

"Halifi, tata! Usiibane. Shusha bega, iwekee mkono tu."

"Nikiachilia tuingie kwa ngano?"

"Tukiingia, nitaila yote mbichi!"

Akashusha bega polepole, kama anayetua mtungi. Upepo ukaja tena, mkubwa kuliko ule wa kwanza, naapa ungeng'oa kanisa. Stelingi ikakaa. Gari likaenda mbele kama limeahidiwa chakula. Tata akanitazama, akatazama barabara, akanitazama tena, mdomo wazi.

"Kumbe ule wepesi ndio uliokuwa ukinichosha!"

"Nilisema mimi!"

"Hukusema hivyo. Ulisema nzito."

Timau tulipofika akaigeuza kati ya mikokoteni ya punda kwa mkono mmoja, wa kulia, huku akicheka kama msichana. Tukashuka. Mimi na broka tukaagiza chai ili tuongee bei. Tata hakuketi. Alisema anazunguka tu kidogo, alisikilize bega.

Tulimaliza chai ya kwanza. Tukamaliza ya pili. Simu yangu ikalia.

"Niko Meru," akasema, sauti ikiruka. "Mwambie broka nimelichukua. Na wewe rudi na hilo jeupe, lishike sana, kuna upepo!"