Breki za Kushukia Al-Hada

Nilikwenda milimani kwa sababu nilitaka kuacha kazi ya kuwapeleka watoto shuleni kwa gari. Bosi wangu wa Riyadh, ambaye nyumbani sote tulimwita Baba Turki, alikuwa karibu kufungua duka la baiskeli, na aliniahidi jambo moja: nikizitunza baiskeli sita kwa siku zote za ziara ya milima ya Sarawat bila hitilafu, atabadilisha ikama yangu, kile kibali cha kuishi na kufanya kazi, niwe fundi badala ya dereva. Ufundi wenyewe nilijifunza peke yangu kwa video za simu, katika chumba cha dereva kando ya geti. Kwa kuwa hakuna aliyewahi kuniambia nimefaulu, nilikuwa nakaza nati ileile mara tatu, kisha naamka kwenda kuitazama tena.

Tuliondoka Riyadh alfajiri. Van iliyobeba baiskeli iliendeshwa na Kioko, Mkenya mwenzangu kutoka Machakos. Jangwa lilitukalia pande zote mchana kutwa, nami nilikuwa nimepakata kisanduku cha vifaa.

"Bro, unaomba ama unahesabu?" Kioko aliniuliza.

"Nahesabu spana."

"Umezihesabu tangu Riyadh. Zimezaa?"

Jioni tulifika Al-Baha, na nilipofungua mlango baridi ilinipiga kifuani. Mimi ni mtu wa Mwea, kwenye mashamba ya mpunga. Mlima Kenya nimeutazama maisha yangu yote kwa mbali, kama picha ukutani. Hapa nilisimama kwenye ukingo wa barabara, mawingu yakiwa chini ya viatu vyangu. Nilirudi nyuma hatua mbili bila kukusudia.

Asubuhi ya pili tulianza kukanyaga pedeli. Mbele alikuwa Saad, kiongozi wetu, mzaliwa wa Taif mwenye ndevu za mvi na miguu kama ya kijana. Akiinua ngumi, tunapunguza mwendo. Akionyesha chini, kuna shimo. Walifuata Baba Turki na rafiki zake watatu. Mimi nilikuwa wa mwisho, na vifaa mgongoni, ili nimwokote atakayeharibikiwa. Vilima vilikuja kimoja baada ya kingine. Mapafu yangu hayakuzoea hewa ile nyepesi, na kwenye mwinuko wa tatu nilitapika kando ya ukuta wa mawe, nikajifuta haraka, nikaogopa bosi ameniona.

Nilipoinua kichwa niliona mitarakwa. Miti ileile ya kwetu nyanda za juu, ambayo tunaichonga nguzo za ua, ilikuwa imeota kwenye majabali ya Uarabuni. Nyuma yake kulikuwa na minara ya mawe ya watu wa zamani na mashamba yaliyokatwa ngazi hadi bondeni. Nilisahau tumbo langu. Sikujua kama Saudia ina kitu cha namna hii. Miaka miwili nilikuwa nimeijua kwa taa za barabarani tu.

Siku ya tatu tulivuka Taif na kulala Al-Hada, mahali ambapo mlima unakatika ghafla na barabara inashuka kwa kona kali kuelekea tambarare ya Tihama. Saad alisema asubuhi tutapiga picha kabla ya kushuka. Basi jioni hiyo niliosha baiskeli zote. Bado sikuridhika. Nikachukua dawa ya kung'arishia dashibodi niliyoinunua soko la Batha kule Riyadh, nikapuliza na kusugua magurudumu yote kumi na mawili mpaka nikauona uso wangu kwenye rimu.

Asubuhi ya nne, wenzangu wakila ful ya maharage na mkate wa tamisi, nilipanda baiskeli yangu kushuka kijiteremko cha uani. Nikabana breki. Baiskeli haikusikia. Nilikwenda moja kwa moja hadi kwenye bampa ya van.

Nilielewa papo hapo. Breki zile hubana kwenye rimu, na rimu zote nilikuwa nimezipaka utelezi kwa mikono yangu.

Nitakiri: jambo la kwanza nililofanya ni kuangalia kama kuna aliyeniona. La pili ni kuchukua kitambaa na kuanza kufuta kimyakimya. Niliwaza, nikifuta sana, nani atajua? Nilimaliza magurudumu mawili. Vidole vyangu bado viliteleza.

"Yalla, yalla!" Saad aliita. Walikuwa tayari wanavaa helmeti.

Nilikwenda kusimama getini, nikanyoosha mikono. Kiarabu nilichojua kilinipotea karibu chote. "Baba, mafi breki, hakuna breki," nilisema. "Zote. Ni mimi. Nilizipaka dawa ya gari zing'ae."

Baba Turki alipitisha kidole kwenye rimu yake, akakinusa. Akatazama ukingo wa mlima, kisha akanitazama mimi.

"Watoto wangu wako nyumbani," alisema.

"Najua, Baba. Mimi huwapeleka shule."

Saad ndiye aliyeketi chini kwanza. "Umetupamba kama maharusi, wallahi! Leta sabuni." Kioko alileta sabuni ya vyombo na msasa. Wote sita, na Kioko wa saba, tuliosha rimu na kukwangua mipira ya breki. Saa mbili zilipotea, jua likawa kali, na picha hakuna aliyeikumbuka. Kila baiskeli niliijaribu mbele yao.

Tulipomaliza Baba Turki aliniambia, "Wewe tangulia."

Nilitangulia. Barabara ilikuwa utepe uliotupwa juu ya jabali, kona chini ya kona, na nyani wamekaa kwenye kingo wakitutazama tunavyopita. Kila kona nilibana, na kila kona ilishika. Joto lilipanda kutoka chini kama mvuke wa sufuria. Nililia kidogo, nadhani kwa hofu na kwa uzuri pamoja. Nyuma yangu nilisikia breki tano zikilia, na sijawahi kusikia sauti tamu kama ile.

Chini tulipakia baiskeli. Kwa sababu mimi na Kioko ni Wakristo, na wasio Waislamu hawaruhusiwi kuingia Makka, van ilichukua barabara inayouzunguka mji huo, na jioni tukawa Jeddah. Baba Turki alinijia nikikaza kamba za baiskeli.

"Ikama haitabadilika mwaka huu," alisema. "Utaendelea na watoto."

"Sawa, Baba."

"Ungefuta ukanyamaza, ningekurudisha Kenya." Akasita. "Duka linafunguliwa Ijumaa; njoo. Utaanza na pancha. Na kila baiskeli utakayoitengeneza, utaipanda kwanza wewe."

Nilirudi Riyadh mikono inanuka sabuni ya vyombo. Nilichojifunza ni kidogo, lakini kilinigharimu: miaka yote nilikuwa nashughulikia kile ambacho watu wataona, nikadhani huko ndiko kuwa makini. Ijumaa nilikwenda dukani. Nilipewa baiskeli ya kijana mmoja, chafu, ina matope hadi kwenye kiti. Nilitengeneza pancha, nikaipanda hadi mwisho wa mtaa na kurudi, nikaikabidhi na matope yake.