Kipa wa Fungu la Nguvumali

Harufu ya chingamu mpya ikinipitia puani hata leo, mguu unasita. Nasema ile ya karatasi inapochanwa, sukari na poda pamoja, harufu ya kadi za wachezaji wa mpira zilizoingia Tanga mwaka ule vitu viliporudi madukani. Tulikuwa tumetoka kwenye miaka ya kufulia majani ya mpapai na kunywa chai isiyo na sukari tukijidai tumeizoea. Mara maduka ya Nguvumali yakajaa sabuni, dawa ya meno, kandambili, na vijiboksi vya chingamu kutoka Mombasa, kila chingamu na picha ya mchezaji ndani yake. Tulitafuna mpaka taya zikauma, tukaibandika kwenye mwimo wa mlango, kesho yake tukaitafuna tena. Lakini chingamu haikuwa kitu. Mali ilikuwa kadi.

Wachezaji wenyewe walikuwa wageni wa nchi za mbali, majina yao hayatamkiki. Watoto wenzetu walizipanga kadi kwa rangi za jezi, na sisi tuliwaona hawana akili hata kidogo. Mie nilikuwa na miaka tisa, kaka yangu Bakari kumi na saba, na tulikuwa na mafungu yetu. Kulikuwa na fungu la masharubu, fungu la waliofumba macho wakati wa kupigwa picha, na fungu la wenye sura ya mtu aliyesahau kitu nyumbani. La maana kuliko yote lilikuwa fungu la Nguvumali, yaani wachezaji waliofanana na watu wa mtaani kwetu. Alikuwemo muuza mafuta ya taa, alikuwemo ustadhi wetu wa madrasa na ndevu zake nyekundu, na beki mmoja wa mashavu alikuwa mama muuza vitumbua mtupu! Bakari alikuwa akimpitia yule mama asubuhi na kumwambia, "Shikamoo mama, jana ulikaba vizuri." Mama wa watu anaitikia marahaba, hajui anasifiwa nini, nami nyuma nakaribia kuanguka kwa kicheko.

Fungu lile lilifika watu kumi, likakosa kipa. Nilitafuta wiki nyingi. Bakari mwenyewe alikuwa kipa, tena kipa hasa, na siku zile alikuwa amepiga picha za paspoti ili ajaze fomu za timu ya vijana. Filamu zilikuwa bado adimu, mpiga picha akamtolea nne tu. Tatu zilikwenda na fomu. Ya nne akanipa mimi. "Nitie golini, mwanangu," akaniambia, maana alipenda kuniita mwanangu kwa utani. Nikaibandika kwa uji wa ngano juu ya kadi iliyojirudia, nikaiweka kwenye kopo la maziwa ya unga pamoja na wenzake. Nyumbani hatukuwa na picha nyingine yake. Hakuna aliyeliona hilo kuwa jambo, kwani mtu mwenyewe si tulikuwa naye?

Homa ilimpanda Bakari kichwani, siku tatu tu. Alhamisi asubuhi nimerudi kisimani, nikakuta wanawake wamejaa ukumbini na mama ameshikwa huku na huku. Baba alikuwa amekwenda kutafuta sanda. Shangazi yangu, dada yake baba, ndiye aliyekuwa akisimamia nyumba, na amri yake ya kwanza ilikuwa, "Toeni mapicha yote humu ndani. Malaika wa rehema hawaingii." Ikabanduliwa kalenda, likatolewa pambo la twiga. "Pelekeni kwa jirani," akasema. Kisha akaniona nimesimama. "Mwanaidi, kuna picha nyingine?"

Nilijua ipo, tena si moja. Madrasa nilikuwa nimefundishwa habari ya malaika hao, na nikawaona kwa macho yangu wamesimama nje kwenye jua, wanashindwa kuingia kwa Bakari kwa sababu ya kopo langu. Kwa jirani nilipafikiria. Lakini sisi na jirani tulikuwa ukuta mmoja, paa moja, na mie kwa akili yangu ya miaka tisa nikaona hapo nitakuwa nimefanya ujanja tu. Nikalichukua kopo, nikaenda uani kwenye mafiga, nikazitia motoni moja moja. Wenye masharubu, ustadhi, mama wa vitumbua. Bakari nilimweka mwisho. Sikulia, jamani. Nilijiona nimemfanyia kaka yangu jambo kubwa kuliko wote waliokuwa wakilia mle ndani.

Baada ya arubaini mama akaniuliza, "Ile paspoti ya kaka yako iko wapi?" Nikasema sijui. Mpiga picha alikuwa ameshahama mji na vitu vyake, na fomu za timu hazikupatikana. Mama akapekua chini ya godoro, kwenye juzuu, kwenye mikoba ya kila aliyekuja matangani, nami nikimsaidia kutafuta. Nilikuja kumwambia ukweli nimeshazaa mtoto wangu wa kwanza. Adhana ya alasiri ilipolia akasema, "Nimewadhania watu wizi miaka yote hii," akaenda kutawadha. Hakulitaja tena.

Siku hizi simu yangu imejaa picha. Mwanangu anapiga sahani ya wali, anapiga paka, anajipiga mwenyewe mara kumi kisha anazifuta tisa, na roho yangu inaruka kila anapofuta. Mama haoni tena. Jioni ananiambia, "Hebu nieleze Bakari alivyokuwa," nami namweleza: paji pana, nyusi zilizokutana, jino la mbele limepanda kidogo. Ukweli unaonitesa ni kwamba wale wageni wa kwenye kadi nawakumbuka wote, hata leo naweza kuwachora. Bakari sura yake imenitoka. Juzi nikawa nasimulia hivyo hivyo, mama akaninyooshea mkono, akasema taratibu, "Huyo si Bakari. Huyo ni mwanao."

Nikaushika ule mkono. Nilitamani ardhi inimeze.

"Endelea tu," akasema. "Mie nasikiliza."