Salamanda wa Mama Unyevu

Chuoni walimwita Mama Unyevu, na jina likamkaa. Alikuwa mtunzaji wa wanyama wa maonyesho, na kila asubuhi, hata mkoba hajautua, kidole chake kilishaingia kwenye kila tangi la kioo kupima kama majani ya chini bado yamelowa. "Leo hewa kavu," analalamika, na wenzake wanamtania: "Mama Unyevu, na sisi tunyunyizie basi, tusije tukakauka!" Naye anacheka. Hakuwa mtu wa kununa.

Wanyama wenyewe ni salamanda. Ukimwona kwa haraka utasema mjusi, na utakosea kama wanavyokosea wote. Huyu ni ndugu wa chura, ngozi teketeke, gamba hana hata moja. Na wale aliowapenda kupita wote hawana mapafu. Ndiyo, hawana kabisa! Hewa wanaivuta kwa ngozi na kwa utando wa ndani ya kinywa, na ngozi hiyo sharti iwe mbichi muda wote. Ikikauka, mnyama anakosa pumzi na hewa imemzunguka tele.

Wanafunzi wa shule walipoletwa kutembea, Mama Unyevu aliwaeleza mpaka wakabaki vinywa wazi. Aina zao ni mamia, aliwaambia. Wapo wa mapangoni ambao macho hayaoni kitu, wapo wanaoishi juu ya miti, wapo wa chini ya mawe ya vijito. Ulimi unafyatuka na kurudi na mdudu kabla hujapepesa jicho. Kutoka mdomoni hadi puani kuna kijifereji cha kupandishia harufu. "Na ukimkamata mkia?" mmoja anauliza. "Anakuachia huo mkia, yeye huyoo, kaenda zake!"

Nyumbani, lo, alikuwa mtu mwingine. Mumewe alikuwa mwokaji mikate aliyestaafu, mpole, mwenye mikono mipana, na kila jioni aliuliza, "Za kazi, mke wangu?" Jibu: "Nzuri tu." Akidadisi zaidi: "Mijusi yangu haijambo." Alisema mijusi kwa sababu ilikuwa rahisi. Alishajiaminisha kwamba habari za salamanda zitamchosha mzee wa watu. Nani alimwambia? Hakuna. Ndivyo tulivyo, wa nje tunawapa maneno ya kuchagua, wa ndani tunawapa makombo.

Sasa, kati ya hao wasio na mapafu kulikuwa na aina moja iliyotoka kwenye kilima kimoja tu. Kijito cha kilima hicho kilifukiwa pale ilipochongwa barabara ya machimbo ya mawe, na wataalamu walitafuta kila upande wasimpate mwingine. Tangini walibaki wawili. Dume akafa. Kisha jike, ambaye hakuna aliyetarajia kitu kwake tena, akataga mayai chini ya jiwe, akajikunja kuyazunguka. Mama Unyevu alilia kwa furaha mbele ya watu bila haya. Mayai yale yakianguliwa, aina ile itaendelea kuwapo. Yakiharibika, imekwisha.

Mashine ya kupoza chumba cha maonyesho ikafa wiki hiyo hiyo. Mkuu wake akamruhusu alipeleke tangi nyumbani, kwenye stoo ya nyuma yenye ukuta wa mawe, baridi kama kisima. Mumewe akachungulia. "Vipi huyu, mbona kajikunja?"

"Anaatamia," akajibu, akipita na ndoo yake.

Neno lenyewe ndilo hilo. Kwa salamanda, kuatamia ni kuyakinga mayai na kuvu na ukavu kwa mwili wake, wiki baada ya wiki, tumbo tupu. Joto halimo. Lakini muulize yeyote anayesema lugha yetu: kuatamia ni kuku, na kuku ni joto.

Ikaja habari kwamba dada yake mkubwa ameanguka na kuvunjika nyonga huko mji wa pili. Hakuwa na wa kumuuguza. "Mnyunyizie maji asubuhi na jioni," alimwagiza mumewe mlangoni. "Usimguse."

"Nenda salama. Unga nimeulea maisha yangu yote, yai ndilo litanishinda?"

Na alinyunyizia kweli, maskini, hakukosa. Ila kila akigusa kioo anakuta baridi, na roho inamuuma. Mama anaatamia na hakuna wa kumpa joto! Akaitoa ile taa aliyokuwa akiumushia unga siku za baridi, akaining'iniza juu ya tangi, akafunika kwa kitambaa ili joto lisipotee.

Mkewe aliporudi alimpokea na tabasamu. "Njoo uone. Nilimwekea taa. Mwanzo alihangaika, akapanda kioo, akashuka, akarudi kwenye mayai yake. Sasa ametulia kabisa, hasogei."

Mama Unyevu alikimbilia stoo. Alivuta kitambaa. Ngozi iliyokuwa ikimetameta siku zote ilikuwa imefifia na kukakamaa, na mwili bado umeyakumbatia mayai yaliyonywea. Akamwagia maji kwa kiganja, akamwagia tena. Wapi. Akakaa sakafuni, akaangua kilio.

"Nimefanya nini?" mumewe akauliza.

"Hana mapafu. Anapumua kwa ngozi. Joto limemkausha."

"Hana mapafu," mzee akarudia taratibu. "Watoto wa shule wanajua?"

"Wanajua."

"Mimi uliniambia ni mjusi. Ukaniambia anaatamia."

Hakumfokea. Heri angefoka. "Nilidhani hutaki kujua," akasema Mama Unyevu.

"Kila jioni nilikuuliza." Akazima taa, akajikongoja mpaka akaketi sakafuni kando yake. Machozi yalikuwa yanamtoka naye. "Haya, nieleze."

"Sasa? Kuna faida gani sasa?"

"Nieleze tu, mke wangu."

Basi akaanza kumweleza, tangu mwanzo, na hakuwa na hata mmoja wa aina ile aliye hai wa kumwonyesha.