Wamama wa Kwenye Bashi

Mama mdogo wangu anauza ndagala, wale dagaa wa ziwani, ufukweni hapa Uvira. Ndiye aliyenilea baada ya mama yangu kufariki, na ndiye aliyewaambia wenzake wa chama kwamba mtoto wake anafanya kazi ya picha na ya ordinateri, yaani kompyuta, na anaweza kuwatengenezea bashi. Bashi ni lile turubai lenye picha na maandishi ambalo vyama hubeba mbele siku ya maandamano. Sikukuu ya wanawake ilikuwa inakaribia, na kwa miaka chama chao kilikuwa kinatembea na bashi la kuazima, lenye picha ya wanawake wasiowajua.

"Safari hii tunataka sura zetu," prezida wao aliniambia. Ni mwanamke mfupi mwenye sauti nzito, na wenzake humsikiliza. "Sisi wenyewe, na vikwembe vyetu, na ziwa letu. Unasikia?"

"Nimesikia, mama."

"Weye ni mutoto wetu. Utatutoa muzuri."

Asubuhi tuliyopatana nikawakuta wamekwisha kufika. Walikuwa wamevaa vikwembe vya sare, vitenge vipya ambavyo havijafuliwa hata mara moja, vikiwa bado na ule ugumu wa dukani. Walijipaka mafuta. Mwanamke mmoja Mwislamu, mrefu kuliko wote, alikuwa amejifunga mtandio mweupe na amesimama wima kama bibi harusi. Mama mdogo wangu alikuwa anawachekesha wenzake, huku akiziba mdomo kwa mkono kwa sababu ya meno yaliyong'oka mbele. Nikamwambia asizibe. Akatoa mkono, akacheka wazi.

Uvira jua hutoka ziwani, upande wa Burundi, na huzama nyuma ya milima. Hakuna mtoto asiyejua hivyo. Mimi, mtu wa picha, nikawapanga ziwa likiwa nyuma yao, kwa sababu nilitaka maji yaonekane. Jua lilikuwa linanichoma macho na bado sikufikiri. Nilikuwa na haraka. Mfanyabiashara wa mchele kutoka Luberizi alikuwa ananingoja studio, na wamama walikuwa wananisifu. Walisimama muda mrefu bila kulalamika, wakinyoosha shingo kila niliposema "tena".

Nilipofungua foto kwenye ordinateri nikaona maji yanameta vizuri sana, na mbele yake safu ya vivuli. Nyuso zilikuwa nyeusi tupu. Nilijaribu kuziangaza, zikawa kijivu, kama watu waliopakwa jivu. Dawa ilikuwa moja tu, kurudi ufukweni na kusema, "Wamama, nimekosea, naomba tupige tena." Nilijua hivyo. Lakini nilimfikiria mama mdogo akinitetea mbele ya wenzake, nikaona haya.

Wakati ule nilikuwa nimeanza kutumia IA, ile programu ambayo unaiandikia maneno nayo inakuchorea picha. Ilinisaidia kupamba mifuko ya mchele na matangazo ya harusi, na wateja walifurahi. Basi nikaipa foto ya vivuli, nikaiomba iziangaze nyuso. Ilizileta nyuso zinang'aa, lakini hazikuwa zao. Nikasema kama hazitakuwa zao, bora ziwe nzuri. Nikaiandikia kwa Kifaransa: wanawake wa Kikongo, wenye furaha, vikwembe vya rangi, kando ya ziwa, samaki mbele. Kabla sijamaliza kunyoosha mgongo, walikuwa wamefika kwenye kioo cha ordinateri. Walikuwa wembamba, ngozi laini, meno yote yamepangika. Nilipendezwa. Hilo ndilo linaloniuma zaidi leo: nilipendezwa nao, nikawasahau wale wengine.

Nikampigia prezida simu, nikamuuliza kama angependa kuona kazi kabla sijachapisha.

"Tuone nini?" akasema. "Sisi tunakuamini."

Siku ya kuwapelekea, walikusanyika mtaa wa Rugenge, uani kwa prezida. Tukalikunjua bashi chini, na wamama wakalizunguka wakiinama. Kwanza walishangilia rangi. Halafu kelele zikapungua. Niliwaona wanafanya kitu ambacho sikukitarajia: kila mmoja alikuwa anajitafuta. Vidole vilipita juu ya uso huu, vikahamia ule, vikarudi. Mmoja alizunguka hadi upande wa pili, akidhani labda anaangalia vibaya.

"Na sisi tuko wapi?" akauliza prezida.

"Foto ziliharibika, mama."

"Sasa hawa ni wamama wa wapi?"

"Si watu. Ni mashini iliwachora."

Hakuna aliyepiga kelele. Yule mrefu mwenye mtandio alinitazama, akauliza polepole, kama mtu anayetaka kujua kweli, "Ni kusema mashini iliona sisi hatuna sura?"

"Hapana, mama. Kosa ni langu..."

Sikufika mbali. Mama mdogo wangu alipiga magoti kwenye bashi, akaweka kidole juu ya msichana wa katikati, yule mwenye meno meupe kuliko wote.

"Huyu hapa ni miye," akasema. "Mbele sijaolewa nilikuwa hivi hivi. Mulizani nini?"

Wakacheka. Mwingine akajichagulia wa pembeni, akasema huyu iko na makalio yangu ya zamani. Wakawagawana wale wanawake wasiokuwepo, mmoja mmoja, mpaka ua ukachangamka. Nilielewa ananifunika aibu. Angenitukana mbele yao ningeweza kujibu. Lakini alipiga magoti kwa ajili yangu, akiwa na pengo lake na kikwembe chake, akajifanya yule binti. Nilitazama chini.

Yule mrefu hakuchagua mtu. Alichukua mfuko wake, akaaga kwa heshima, akaondoka.

Siku ya maandamano nilisimama kando ya barabara na watu wengine. Niliwaona wanakuja wakiimba. Bashi lilikuwa pana, na waliolishika walilinyanyua juu ili lionekane, hata likawafunika mpaka kwenye paji la uso. Kilichopita mbele yetu kilikuwa wale wanawake wa mashini, na chini yao miguu ya mama zangu katika kandambili. Kijana jirani yangu akasema, "Hawa ni warembo wa Kinshasa?" Watu wakacheka. Nilirudi nyuma ya umati ili mama mdogo asinione.

Jioni nilimwambia kwamba nataka kuwapiga foto upya, alasiri, jua likiwa upande wa milima. Alikubali kabla sijamaliza kusema. Wengi wakaja. Yule mrefu hakuja, kwa hiyo kabla ya kupiga nikaenda mwenyewe kumwona. Alikuwa anageuza ndagala kwenye wavu wa kuanikia.

"Mama, nimekuja kuomba radhi. Na kukuomba uje."

"Siko na hasira na weye," akasema bila kusimamisha mikono. "Lakini ile siku nilivaa, nikajipaka mafuta, nikasimama mu jua kwa moyo wote. Ile kitu haifanyikake mara mbili."

Nikamwambia asante, nikaondoka.

Foto ya alasiri ilitoka safi. Mikunjo ipo, makovu yapo, pengo la mama mdogo lipo. Prezida aliishika kwa mikono miwili, akaiangalia sana, kisha akaniuliza kama ile mashini inaweza kumuongeza mwenzao mrefu pale pembeni.

Inaweza. Foto yake ya kivuli bado ninayo, na urefu wake, na mtandio.

"Hapana, mama," nikasema.

Akanitazama, akaitikia kwa kichwa taratibu. "Basi tuiache hivyo," akasema, akaenda kutafuta misumari ya kuitundikia ukutani.