Nyumba Tuliyoihesabu Kitandani

Nina diploma ya ujenzi, na sioni haya kulisema hilo mapema. Niliipata Tanzania, mtoto wa kambi ya wakimbizi, nikibeba matofali asubuhi na kusoma mchana. Hakuna mjomba aliyenilipia wala padri aliyeniombea nafasi. Niliporudi Burundi nilikuwa na begi moja tu. Leo nyumba tunayokaa hapa mtaa wa Kinama niliichora mwenyewe, nikaipima mwenyewe, na mvua zote zilizoipiga hazijaitia ufa. Nayasema haya ili msomaji aelewe ilivyonigharimu, ndani ya nyumba hiyo hiyo, kuitwa mtu asiyejua kuhesabu.

Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi minne. Ile ya kwanza ilitoka ikiwa ya miezi mitano, siku aliyoinua gunia la mchele dukani kwake. Safari hii daktari hakuzunguka maneno: alale. Kuamka kuwe kwa kuoga na kwenda chooni tu, mpaka mimba ifike mwezi wa nane. Daktari hakujua anamwambia nani. Mke wangu ni mwanamke wa mtaa wa Nyakabiga, aliyekulia nyuma ya meza ya duka, na sijawahi kumwona akimaliza chai akiwa amekaa. Wiki ya kwanza nilirudi kutoka kazini Kinanira, nilikokuwa najenga nyumba ya mtu, nikamkuta anafagia. Wiki ya pili nilimkuta juu ya kigoda, ameshika pazia.

"Mi nilikuwa naangalia tu kama limechafuka," akasema.

Sikumgombeza. Nilimrudisha kitandani, nikamfuta vumbi miguuni kwa kitambaa chenye maji, wote wawili tukiwaza jambo moja.

Kitu pekee kilichomlaza ni sindano. Tangu utoto alitarizi vile vitambaa vya meza vinavyouzwa vikiwa vimeshapigwa chapa, maua na ndege wa rangi ya buluu, nawe kazi yako ni kuufuata mstari kwa uzi mpaka chapa ifichike. Alinifundisha hata mimi, kwenye foronya kuukuu, ili nimkalie karibu. Tatizo lilikuwa mkono wake. Kitambaa ambacho wengine hukishona mwezi mzima, yeye alikimaliza siku tatu, na akikimaliza anaamka kukipiga pasi, anaamka kumwonyesha jirani, anaamka kutafuta kingine. Wepesi huo niliousifia kwa kila rafiki sasa ulikuwa unanitia hofu.

Ndipo shangazi yake aliyeko Ubelgiji akatutumia kifurushi kwa mkono wa msafiri. Ndani mlikuwa na nyuzi za rangi nyingi, karatasi iliyojaa miraba midogo, na kitambaa cheupe chenye vijishimo vilivyopangwa safu kwa safu. Mke wangu alikigeuza mbele na nyuma.

"Sheri," akasema, kama anavyoniita kwa mapenzi, "wamesahau kupiga chapa."

Mama yake alikuwa mlangoni na sufuria ya maharage. Alikuja kila asubuhi kutoka Nyakabiga kutupikia. Kwa heshima ya mkwe hakunitania uso kwa uso. Utani wake wote ulipitia kwa binti yake, hata nikiwa nimekaa hapo hapo.

"Muambie bwana yako aipeleke kwa mutu wa kuchora maua," akasema.

Mimi nilikuwa nimeishika ile karatasi. Kila mraba ulikuwa mshono mmoja wa iksi. Kila alama ilikuwa rangi yake. Hakuna mstari wa kufuata kwenye kitambaa: unahesabu kwenye karatasi, kisha unahesabu vijishimo, ndipo unachoma sindano.

"Hii si kazi ya maua," nikasema. "Hii ni plani. Na plani ni kazi yangu."

Picha ilikuwa ya nyumba, kwa bahati yangu. Nyumba ya Ulaya yenye paa jekundu lililosimama sana, la kumwaga theluji, na mlango mwembamba ambao mimi nisingeuidhinisha. Pembeni mwa karatasi mlikuwa na mishale miwili inayoonyesha katikati, kwamba kazi ianzie hapo. Niliidharau. Nani anaanza nyumba katikati? Nyumba inaanza kwenye kona ya msingi. Nikahesabu kutoka kona ya chini kushoto, nikaacha nafasi nzuri ya bustani, nikashona safu ya kwanza kwa mkono wangu. Iksi zangu zililalia kila upande.

"Uzi wa juu ulale upande mumoja," mke wangu akasema, akicheka taratibu. "Kwa matofali yako si unajua?"

Basi tukagawana kazi. Mimi nasoma, yeye anashona. "Kahawia saba. Ruka mbili. Kahawia saba." Kwa mara ya kwanza mkono wake ulilazimika kusubiri. Wiki ikapita, ikapita nyingine, akiwa amelala ubavu, kitambaa kimebanwa kwenye duara la mbao juu ya tumbo lililokuwa linakua.

Jumapili moja, madirisha yakiwa yamekamilika, nilihesabu nafasi iliyobaki juu. Paa lilitaka safu arobaini. Kitambaa kilikuwa na ishirini na sita. Nilirudia mara tatu, kisha nikasema ukweli.

Kutoka uani ikaja sauti ya mama yake: "Muulize bwana yako, ile nyumba ya Kinanira nayo itakosa paa?"

Mke wangu alicheka mpaka akashika tumbo kwa mikono miwili, nami nikaogopa kicheko chenyewe. Halafu akasema, "Tufumue."

Alifumua siku nane, uzi kwa uzi, asikate hata mmoja, kisha tukaanza upya katikati kama mishale ilivyotaka. Mimi nilikuwa kazini, juu ya jukwaa la mbao, siku ya tano ya kufumua, nilipotambua kwamba siku zote hizo mke wangu hakuwa ameamka kufagia wala kugusa pazia. Kosa langu lilikuwa limemlaza vizuri kuliko maneno ya daktari na yangu.

Tangu hapo nikawa nakosea. Si kila siku, ili nisishtukiwe. Karatasi inasema kumi na mbili, mimi nasoma kumi. Inasema ruka tatu, nasoma ruka nne. Kosa linaonekana siku mbili baadaye, madirisha hayalingani, na kufumua kunaanza. Mimi, ambaye fundi wangu yeyote atakuambia sijawahi kukosea hata sentimita moja, nilikaa kimya huku mama mkwe akipiga kelele jikoni.

"Muambie kumi na mbili inakuja nyuma ya kumi na moja! Huko Tanzania walimufundishaka nini?"

Majirani walisikia. Habari ikafika hadi kazini, na fundi mmoja akaniuliza kwa upole kama ningependa ayapime tena yeye mashimo ya nguzo. Hilo liliniuma. Nikamwambia apime.

Mwezi wa saba wa mimba, mchana wa Jumapili, nilisoma: "Nyekundu kumi na nne." Zilikuwa kumi na sita. Sindano ikasimama.

"Kumi na nne?"

"Kumi na nne."

Hakuniangalia. "Mi najua kusoma hii plani, mwezi wa pili sasa. Naiangaliaka wakati we uko kazini. Hata lile dirisha nilijua."

"Na ukashona hivyo hivyo?"

"Nikashona."

"Kwa nini hukusema?"

Alifikiri kidogo, akizungusha uzi kidoleni. "Ningesema, ungeacha kukosea. Tungemaliza. Na mi najijua, sheri. Ningeamka." Kisha, kwa sauti ndogo: "Lile gunia pia nilijua ni zito."

Hatukuwahi kulitaja gunia hilo tangu mwaka uliopita. Niliiweka karatasi chini nikamshika mkono, sindano ikiwa bado ndani yake. Alilia kidogo, nami nilikaa naye. Halafu akauvuta mkono wake, akashona nyekundu kumi na nne, zote zikilala upande mmoja.

Binti yetu alizaliwa salama, miezi yake ikiwa imetimia, na sauti yake ilisikika barabarani. Lakini siku ninayoikumbuka zaidi ilitangulia ile ya kuzaliwa kwake. Ni siku ambayo daktari alisema sasa anaweza kuamka. Tulirudi nyumbani asubuhi. Alitembea uani, akawasalimia majirani, akashika ufagio akauegemea kama mtu aliyekutana na rafiki wa zamani. Niliandaa viatu vyangu vya kazi. Nilipoingia chumbani kuchukua shati, nilimkuta amerudi kitandani, amelala ubavu, kitambaa mkononi, na amesogea ukutani kuniachia nafasi.

"Soma polepole," akasema. "Leo siendi popote."